Kabla Hamjagombana Kuhusu Professor Jay, Sikilizeni Kanda Nzima

Kijiwe chetu kiko Morogoro, mji kasoro bahari, na ubishi wake mkubwa kwa miaka mingi haukuwa wa Simba na Yanga. Ulikuwa huu: albamu kali kuliko zote za Professor Jay ni ipi, na je, ndiye mwana hip-hop mkubwa kuliko wote waliowahi kutokea Tanzania? Nimeona watu wazima wakiacha kahawa inapoa, wakanyanyuka bila kuaga kwa sababu ya swali hilo. Na pamoja na kelele zote, ubishi haukusogea. Hoja za mwaka 2010 ndizo zilizokuwa zinarudiwa mwaka 2020, na mara nyingi na watu wale wale.

Kilichotubadilisha ni ugonjwa wake. Alipolazwa hospitali ya Muhimbili mwaka 2022, hali ikawa mbaya kwa muda mrefu, kijiwe kikanyamaza. Kila aliyefungua mdomo alijikuta anamzungumzia kana kwamba ameshaondoka. Alipopona na kurudi na wimbo wa Siku 462, kaka mmoja fundi baiskeli, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, akasema jambo ambalo wote tulikubaliana nalo: tumembishania mtu huyu miaka ishirini, na hakuna hata mmoja wetu mwenye albamu yake nzima nyumbani. Tukaamua tuzitafute, tuzisikilize mwanzo hadi mwisho, tuandike mashairi yake, halafu ndipo tubishane. Mimi nikapewa kazi ya kusimamia.

Ninaandika haya kwa sababu najua vijiwe vya namna hii viko kila mji, na kazi hii ina mashimo yake.

Kwa wadogo zangu ambao hawakuwepo, niweke kwanza mpangilio. Joseph Haule, ndiye Professor Jay, alianza kusikika na kundi la Hard Blasters, enzi hizo akijiita Nigga J. Albamu yao, Funga Kazi, ilitoka mwaka 2000, na ndani yake mna wimbo wa Chemsha Bongo. Mwaka uliofuata akatoka peke yake na albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Ikaja Mapinduzi Halisi mwaka 2003, kisha J.O.S.E.P.H mwaka 2006, na Aluta Continua mwaka 2007. Mwaka 2015 akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA, akakaa bungeni hadi 2020. Mikumi iko mkoani kwetu, kwa hiyo hapa ubishi juu yake ni jambo la nyumbani. Tena hapa ndipo kwao Afande Sele, mwana hip-hop aliyetawazwa Mfalme wa Rhymes mwaka 2004, na mwenzake Albert Mangwair amezikwa hapa hapa, Kihonda. Ukimtaja Professor Jay Morogoro kuwa ndiye mkubwa wa wote, jiandae, kuna mtu nyuma yako ana jina lingine.

Tulichogundua kabla hata ya kupata kanda ya kwanza ndicho kilichonifungua macho kuliko vyote. Nilimwomba kila mtu aniandikie kwenye karatasi nyimbo anazozikumbuka za Machozi, Jasho na Damu. Zilirudi karatasi zenye Ndio Mzee, Piga Makofi, Bongo Dar es Salaam, halafu kimya. Baadhi waliweka Zali la Mentali, ambao ni wa Mapinduzi Halisi. Mmoja aliweka Chemsha Bongo. Watu hawa walikuwa wamekosana kwa kuitetea albamu hiyo au kuipinga.

Sababu yake haikuwa ngumu kuiona. Wengi wetu tulikua na redio. Kanda halisi ilikuwa ya kaka mwenye kazi, au ya daladala. Sisi tulikaa na radio kaseti tukisubiri wimbo upigwe, tukabonyeza kitufe cha kurekodi, na mtangazaji akaongea juu ya vesi ya mwisho. Kumbukumbu zetu ni za nyimbo zilizopigwa sana. Mtu anaposema albamu hii ni kali kuliko ile, mara nyingi analinganisha vibao viwili au vitatu vya huku na vya kule, na zile nyimbo za Upande B wa kanda ambazo ndizo zinazoonyesha msanii alikuwa anawaza nini, hazijui kabisa. Kwa hiyo kama mnataka kuanza, anzeni na karatasi. Kila mtu aandike anachokumbuka, bila kusaidiana, kabla hamjasikiliza chochote. Inapoza kichwa cha kila mmoja bila mtu kumshambulia mwenzake.

Kutafuta kanda kulichukua muda na pesa kuliko tulivyodhani. Nyimbo maarufu zipo mtandaoni, lakini albamu nzima kwa mpangilio wake wa asili ni shida: nyingine zimewekwa nusu, nyingine zina majina yaliyobadilishwa, nyingine zimechanganywa na nyimbo za miaka ya baadaye. Tukaanza kuuliza kwa ndugu, kwa madereva wa zamani, kwa wenye maduka ya kanda waliogeukia kuuza vocha. Nilifika Kariakoo, ambako ndiko wasambazaji wa kanda walikokuwa enzi hizo, nikaambiwa na mzee mmoja mwenye duka kwamba shehena ya mwisho ilitupwa walipohama jengo. Alisema hivyo kwa upole, lakini mimi nilitoka pale na uzito kifuani. Kazi ya kizazi kizima ilitolewa nje na taka.

Mwishowe kanda zikapatikana kwa watu binafsi. Dada mmoja anayeuza chipsi karibu na stendi alikuwa na Machozi, Jasho na Damu ya marehemu kaka yake, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kava lake limetoboka pale lilipokunjwa. Hakukubali kuiuza, na tulimheshimu. Alikubali kuja nayo mwenyewe, kusikiliza nasi, na kuondoka nayo. Huo ukawa utaratibu wetu kwa kila aliyeleta kanda: mwenye kanda anakaa nayo, na kama hawezi kuja, hatuisikilizi siku hiyo. Msiombe kuazima. Kanda hizi zimekuwa kumbukumbu za watu.

Deki ya kupigia kanda tuliinunua kwa mtu kwa shilingi 70,000, na ikatudai pesa nyingine kabla haijaimba. Ukinunua deki ya zamani, usiweke kanda ya mtu ndani yake siku ya kwanza. Peleka kwa fundi redio abadilishe belti, kwa sababu belti iliyolegea inavuta sauti ikawa nzito, halafu inatafuna utepe. Safisha hedi kwa pamba na spiriti. Jaribu na kanda ya bure, ya mahubiri au ya taarabu isiyo na mwenyewe, upande mzima, ndipo uamini. Kanda ikiwa imekaa miaka bila kupigwa, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma kwanza, taratibu, ili utepe uachane. Ya dada yule ilikuwa na ukungu mweupe pembeni mwa utepe, kama unga. Fundi aliifungua parafujo zake ndogo tano, akatoa magurudumu mawili, akaupitisha utepe wote kwenye kitambaa kikavu, kidogo kidogo, huku dada amesimama juu ya bega lake akiangalia kila kidole. Pale ulipokuwa umekatika, aliunga kwa kipande cha selotepu akakikata kwa wembe kilingane na upana wa utepe. Ilipoimba, hakuna aliyesema neno hadi Upande A ukaisha.

Kusikiliza nako kuna namna yake. Mwanzoni watu waliongea juu ya nyimbo, wakaimba pamoja na kiitikio, wakasimulia walikuwa wapi mwaka ule. Ni raha, na sitawaambia mjinyime, ila fanyeni hivyo baada ya kusikiliza mara ya pili. Mara ya kwanza iwe kimya, Upande A halafu Upande B, bila kuruka. Albamu za kanda zilipangwa hivyo kwa makusudi: wimbo wa kufungua Upande B ulikuwa na uzito wake, kwa sababu ni pale mtu alipogeuza kanda kwa mkono wake mwenyewe.

Kisha tukaandika. Hii ndiyo sehemu iliyochosha kuliko zote na ndiyo iliyozaa matunda. Tulinunua daftari la kaunta, mmoja akiwa kwenye kitufe cha kusimamisha, mmoja akiandika, wengine wakisikiliza kwa masikio. Mstari mmoja, simamisha, andika, rudisha, hakikisha. Pale ambapo hatukusikia vizuri tuliacha nafasi badala ya kukisia, na tukaweka alama. Kulikuwa na mstari mmoja uliotugawa kwa miaka, kila kambi ikiwa na maneno yake na ikiyatumia kama ushahidi. Tulipousikia kwenye kanda safi, maneno hayakuwa ya kambi yoyote. Watu wawili waliokuwa wakibishana juu yake tangu ujana wao walitazamana tu. Ubishi ule ulikufa hapo hapo, bila mshindi.

Kuandika kulituonyesha Ndio Mzee upya. Sote tuliujua kama wimbo wa kumsuta mwanasiasa anayeahidi visivyowezekana jukwaani. Ni kweli. Lakini ukiuweka kwenye karatasi, hotuba upande mmoja na kiitikio upande wa pili, unaona jambo ambalo masikio hulipita: ahadi zinazidi kuwa za ajabu, na jibu la umati halibadiliki. Wananchi wanaitikia vile vile, kwa sauti ile ile, kwa ahadi ya kawaida na kwa ahadi ya kichaa. Msanii hakumsuta mgombea peke yake. Alitusuta na sisi tuliokuwa tunaitikia. Na sisi tuliupenda, tukauimba kwenye sherehe, tukaitikia tena. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa wa uandishi wake, na ninaamini kwa dhati kwamba hakuna wimbo wa miaka ile unaofikia pale kwa ujanja wa muundo.

Dada wa chipsi ndiye aliyetutikisa kwenye Zali la Mentali. Kwa wanaume wa kijiweni ule ni wimbo wa furaha: kijana wa hali ya chini anapendwa na binti wa kitajiri, Juma Nature kwenye kiitikio, nani hataki bahati hiyo. Dada akauliza, "Jamani, huyu binti anataka nini? Mmemwandika mistari yote, nionyesheni mahali anapowaza." Tukarudi kwenye daftari tukitafuta. Mabishano yaliyofuata yalikuwa bora kuliko mengi ya miaka ya nyuma, kwa sababu yalikuwa juu ya maneno yaliyoandikwa mbele yetu, na kwa sababu kwa mara ya kwanza aliyeuliza hakuwa mmoja wetu wa siku zote. Kijiwe cha hip-hop kisicho na mwanamke hata mmoja kinakosa nusu ya masikio. Mwalikeni, na akiongea msimkatize.

Vivyo hivyo kwa vijana. Dogo mmoja anayetengeneza biti kwenye kompyuta, aliyezaliwa baada ya Machozi, Jasho na Damu kutoka, alitusikiliza tukimsifia Jay kwa kila kitu, kisha akauliza kwa adabu: "Wakubwa, na aliyepiga mdundo hana urithi?" Ni swali la haki. Kazi za miaka ile zimebebwa kwa sehemu kubwa na mkono wa mtayarishaji P-Funk Majani wa Bongo Records, na ukisikiliza Mangwair kwenye albamu yake A.K.A Mimi ya mwaka 2004 unausikia mkono ule ule ukifanya kazi ya namna nyingine kabisa kwa sauti nyingine. Mnapogawa sifa za albamu, gaweni kwa wote waliokuwa studio.

Sasa lile swali la ukubwa. Hapa ndipo urafiki unapovunjika, na wa kwetu mmoja ulivunjika. Rafiki yetu alianza kuzungumzia ubunge, mwingine akamjibu kwa kumtaja chama chake badala ya hoja yake, maneno ya kuudhi yakafuata, na mtu yule hajarudi kijiweni hadi leo. Nilimfuata nyumbani, tukaongea vizuri, lakini hakurudi. Naumia nikiandika hivi, kwa sababu ndiye aliyekuwa na masikio makali kuliko wote kwenye vina.

Baada ya hapo tuliweka sharti ambalo ningependa mlichukue kabla hamjaanza. Albamu zinazungumzwa peke yake hadi zimalizike. Maisha ya msanii, siasa zake, ugonjwa wake, yanakuja siku nyingine, na siku hiyo hakuna kutaja chama cha mwenzako aliyeketi hapo. Swali lenyewe ni zito na linastahili siku yake: mtu aliyeandika Ndio Mzee akaja kusimama jukwaani kuomba kura, na wimbo wake mwenyewe ukawa kipimo cha kila ahadi aliyoitoa. Wengine wanasema ubunge ulikuwa mwendelezo wa mashairi yake. Wengine wanasema uliyachukua mashairi ukayaweka kando. Zote ni hoja za watu wenye akili, na zote zinahitaji utulivu.

Jambo jingine lililotusaidia ni kulivunja swali lenyewe vipande. Tulikuwa tunasema "mkubwa" na kila mtu alikuwa na maana yake. Mmoja alikusudia ufundi wa mistari, na huyo mara nyingi moyo wake ulikuwa kwa Fid Q au Afande Sele. Mwingine alikusudia aliyefungua njia, na kwake jibu ni Sugu, ambaye wimbo wake Hali Halisi wa mwaka 1998 ulikuwa tayari unawasema wakubwa, na ambaye aliingia bungeni mwaka 2010, miaka mitano kabla ya Jay. Kaka fundi baiskeli alikusudia kitu cha tatu. "Nyie hamkumbuki," alituambia, "baba yangu alikuwa akizima redio wana rap wakifoka. Aliposikia Chemsha Bongo aliniambia, ongeza sauti." Kwake yeye mkubwa ni yule aliyewafanya wazazi waketi na kusikiliza, rap ikaacha kuitwa uhuni ndani ya nyumba. Hayo ni maswali matatu, na yana majibu matatu. Tulipoyatenganisha, tukakuta kwamba kwa kila swali moja moja tunakubaliana zaidi ya tulivyodhani.

Na wekeni tarehe ukutani. Tulibandika karatasi kubwa yenye miaka kuanzia 1994, Radio One ilipoanza, na kila albamu iliyotajwa tukaiandika kwenye mwaka wake. Nusu ya hoja za kwamba fulani alimwiga fulani zilianguka zenyewe pale, kwa sababu aliyedaiwa kuiga alikuwa ametangulia.

Kwa upande wangu, baada ya kusikiliza na kuandika yote tuliyopata, naiweka Machozi, Jasho na Damu juu. Mapinduzi Halisi ina nyimbo nilizozipenda zaidi nikiwa kijana, na bado nikiisikia natabasamu, lakini ile ya 2001 ina hasira iliyopangwa, na haipumziki. Kijiweni hatukupiga kura. Kila mmoja aliandika ukurasa wake mwishoni mwa daftari, na sababu zake, na daftari linakaa dukani kwa fundi baiskeli ambapo yeyote anaweza kulisoma.

Mtakaofika hatua ya kuhifadhi: deki inaunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja kutoka tundu la spika za masikioni, na sauti iwekwe chini kidogo ya nusu ili isipasuke. Hifadhini upande mzima kama ulivyo, bila kukata nyimbo, na mpige picha kava na karatasi ya ndani, kwa sababu majina ya walioshiriki yako hapo na hayako kwingine. Nakala hizo zibaki kwenu kwa kusikiliza. Kuzirusha mtandaoni ni kumwibia msanii kwa mara ya pili. Sheria ya hakimiliki tuliyo nayo ni ya mwaka 1999, na kanda feki ziliwala watu hawa vya kutosha enzi zile. Sisi tumewaandikia wahusika kuomba ruhusa kwa albamu mbili, na tunasubiri jibu. Funga Kazi bado hatujaipata ikiwa kamili. Tuliyo nayo ina Upande A tu, Upande B umerekodiwa kwaya juu yake.